Sikukuu za wengine zifundishwe kwa mikono na mazungumzo

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu kuwafahamisha watoto wadogo sikukuu za tamaduni mbalimbali. Mara nyingi watoto wa chekechea hupewa karatasi, gundi na rangi, wakatengeneza mapambo, na somo likaishia hapo. Kazi ya mikono ni njia nzuri sana, lakini pasipo mazungumzo mtoto huondoka na pambo asilojua ni la nani wala linaadhimisha nini.

Mtoto anapofinyanga taa ya udongo ya Diwali, sikukuu ya Wahindu na wengineo, akiubonyeza udongo kwa kidole gumba ili apate mahali pa kutia mafuta na utambi, huo ndio wakati wa kumweleza kwamba wanaoiadhimisha hushangilia ushindi wa mwanga dhidi ya giza. Vivyo hivyo kwa Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani wenye asili ya Afrika iliyoanzishwa Marekani mwaka 1966: mishumaa yake saba, mmoja mweusi, mitatu myekundu na mitatu ya kijani, hubaki kuwa rangi tu mpaka mtoto aambiwe kwamba kila mmoja unasimamia msingi wake, kuanzia umoja hadi imani. Watoto huyaelewa haya, tena kwa wepesi kuliko tunavyodhani.

Kifungu cha 29 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinataka elimu imjengee mtoto heshima kwa utamaduni wake na wa wengine. Napendekeza shule zichague sikukuu chache, kila moja ifundishwe katika msimu wake, na mzazi anayeiadhimisha aalikwe kuketi na watoto wakifanya kazi, awajibu maswali yao yeye mwenyewe.