Picha ile si ya ukumbi wa Dionysos

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini makala yenu ya Jumapili juu ya ukumbi wa maigizo wa Dionysos, mungu wa mvinyo wa Wagiriki, mjini Athens imenishinda kunyamaza. Picha mliyoitoa ni ya Odeon, yaani ukumbi wa muziki, ya Herodes Atticus, tajiri aliyeijenga yapata mwaka 161 BK kwa kumbukumbu ya mkewe, Regilla. Sophocles, mtunzi wa tanzia wa Kigiriki, alifariki mwaka 406 KK. Chini ya picha hiyo mkaandika kwamba ndipo tanzia zake zilipoigizwa kwa mara ya kwanza!

Jumatatu asubuhi mwanafunzi wangu wa kidato cha tano aliingia na ukurasa huo ameukunja ndani ya daftari. Nimewafundisha kwamba enzi za Sophocles watazamaji walikaa kwenye mabenchi ya mbao, kwenye mteremko wa kusini wa Akropolis, kilima cha mahekalu cha Athens, na kwamba viti vya mawe vilikamilika zamani za Lykourgos, mwanasiasa wa Athens, kiasi cha mwaka 330 KK, wakati watunzi wakuu wa tanzia, Aeschylus, Sophocles na Euripides, wote walikwisha kuzikwa. Kijana akaweka kidole juu ya matao ya Kirumi: "Mwalimu, mbona gazeti linasema Sophocles aliyaona haya?" Darasa zima likanikodolea macho. Somo la dakika arobaini likaishia kwenye kubishana na gazeti, na bado wapo waliotoka wakiamini gazeti, kwa sababu limechapwa na mimi nimesema tu. Hilo ndilo linaloniuma. Majengo yote mawili yapo chini ya kilima kimoja, mtu anatembea kwa miguu kutoka hili hadi lile. Kuyatofautisha kunataka dakika chache za kusoma.

Tena ukurasa wenyewe wa utamaduni mmeubana mno. Palipokuwa na mashairi na uhakiki wa tamthilia, sasa pamejaa matangazo ya kubashiri mechi.

Naomba Jumapili hii mchape picha ya kiti cha kuhani wa Dionysos, ukubwa uleule, ukurasa uleule. Kipo mstari wa mbele, katikati, kimechongwa kwa marumaru, miguu yake ni ya simba, na cheo cha mwenyewe kimeandikwa kwa Kigiriki. Na tangu leo picha ya jengo la kale isitoke bila karne yake na jina la aliyelijenga. Msingoje Jumapili nyingine. Wanafunzi wangu wanaingia mtihani wa muhula wiki inayofuata.

Mwalimu wa Sanaa za Maonyesho,
Tanga