Kila Jumanne usiku nipo hewani

Columbus, Ohio

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na wa nyumbani wote uwasalimie. Umeniuliza nina nini kila Jumanne usiku hata simu zako sipokei. Nikueleze mwenyewe, maana ukisikia kwa watu utadhani nimerogwa.

Nimejiunga na watu wa redio za ridhaa, wanaozungumza wao kwa wao hewani kwa kupenda tu. Huku hata mgeni anaruhusiwa, mradi awe na anwani ya posta ya Marekani na asiwe mwakilishi wa serikali ya nje. Mtihani una maswali 35, ukipata 26 umefaulu, unapewa alama yako ya mwito, yaani herufi na namba za kukutambulisha hewani. Jumanne tunakutana hewani. Msimamizi anasoma tangazo refu, lile lile la juma lililopita, halafu anauliza kama kuna mwenye dharura. Kimya. Ndipo anaita mmoja mmoja. Unataja alama yako, jina, mji, kisha unasema: "Sina ujumbe." Anakushukuru kwa dhati, anakuandika daftarini, anaita mwingine. Karibu saa nzima, watu wazima wanapokezana kuarifiana kwamba hawana la kusema!

Mwanzoni nilikuwa naweka kipaza sauti chini nicheke. Lakini shoga, sisi tunawacheka kwa lipi? Si ndiyo wazee wetu wa barazani hao, habari za nyumbani, njema, za watoto, njema, za kazi, njema, na huku mmoja paa linavuja?

Tena paa lenyewe hatimaye linatajwa. Kuna mzee mmoja kila mara anaanza, "Mimi nina haraka, naingia na kutoka, sina ujumbe, ila..." Ikifika hiyo ila, jitengee chai. Goti lake lililopasuliwa, antena iliyoangushwa na upepo, bei ya nyaya. Sauti zetu zinapita kwenye ripita, mtambo ulioko juu ya mnara unaotupokea na kuturusha mbali zaidi, na wetu umetegeshwa ukate mtu akizidisha dakika tatu. Unamkata. Yeye hajui, kwa sababu ukiwa umebonyeza kitufe cha kuzungumzia husikii kitu. Anaendelea peke yake, sisi tumekaa tunamngoja. Akimaliza anauliza, "Sijui nyie mnaonaje?" Msimamizi, kwa adabu zote, anamwomba arudie kuanzia kwenye goti.

Mwingine aliwahi kukalia kipaza sauti chake ndani ya gari, tukamsikiliza akiimba mpaka mtambo ukamkata. Hakuna aliyeweza kumwambia.

Na sifa wanazopeana! Usikivu unapimwa kwa namba: tano ya kwanza ni maneno kusikika sawasawa, tisa ni nguvu ya mawimbi, hakuna zaidi ya hapo. Basi utasikia, "Nakupata vizuri sana, tano tisa. Hebu rudia jina lako? Na mji?"

Lakini ninayempenda ni huyu. Alama hutajwa herufi kwa herufi kwa maneno yaliyopangwa, na Z rasmi ni "Zulu". Watu wengi wa redio wanapenda kusema "Zanzibar", wanadai inapenya vizuri kwenye mikwaruzo. Usiku mmoja mkulima wa huku, sauti nzito, akaitaja. Nikabonyeza kitufe bila kungoja zamu! Akaniambia ameitamka miaka na miaka, hajawahi kukutana na mtu aliyepanda boti kwenda huko. Sasa kila Jumanne akifika kwenye Z anaivuta taratibu kwa ajili yangu, halafu ananiuliza hali ya hewa ya huko, kama vile nimeshuka kwenye boti asubuhi.

Usidhani ni mchezo mtupu. Wapo wenzao wanaofuatilia vimbunga vya Atlantiki kwenye masafa ya 14.325 MHz tangu 1965, mwaka wa kimbunga Betsy. Na sisi huku, majira ya kuchipua, mawingu yakianza kuzunguka, kikao kinafunguliwa kwa ajili ya ofisi ya hali ya hewa. Msimamizi yule yule, daftari lile lile. Safari iliyopita yule mzee wa goti aliitwa. Alitaja alipo, ukubwa wa mvua ya mawe na upepo unakotoka, akaachia kitufe. Sekunde chache tu. Kumbe anaweza!

Sasa nina shida na wewe. Nikija Desemba nataka kuja na redio. Wewe uliye hapo Dar nipitie TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uniulizie: Mtanzania mwenye leseni ya Marekani anatakiwa kupeleka nini? Alama za kwetu huanza na 5H, na watu wa redio wanazigombania kwa sababu hazisikiki mara kwa mara. Mkulima wangu ameapa atakesha. Uliza na ada, na kama nilipe kabla ya kusafiri.

Shoga yako,
Rehema