Shukrani kwa dada wa foleni ya mirathi

Dada tuliyepanga foleni pamoja mahakamani Mombasa, jina sikukuuliza, asante sana. Mtu alikuwa keshatutajia bei ya kututafutia tangazo la mirathi ya marehemu baba katika Gazeti Rasmi la Serikali. Wewe ukachukua simu yangu, ukafungua tovuti ya Kenya Law, yenye sheria na magazeti rasmi ya Kenya, ukaandika jina la mzee. Likatokea! Bure kabisa, gharama ni data tu. Ukanieleza pia kwamba zile siku 30 za mtu kupinga ombi la mirathi huhesabiwa tangu tangazo lilipochapishwa, si tangu ulipolisikia. Sheria ya Mirathi, Sura 160, nayo imo nzima kwenye tovuti hiyo. Namtafsiria mama kidogo kidogo, na maswali yake, wallahi, yangemtoa wakili jasho. Mungu akuzidishie, dada.