PS1 inatoa picha ya kijivu? Usikubali kubadilishiwa chipu kabla haijapimwa

Hii ishu inakuja sana hapa kwetu Mwanjelwa, Mbeya, mtu analeta PS1 (PlayStation ya kwanza), gemu linapiga, sauti ipo, ila rangi hakuna, na huko alikopita ashaambiwa chipu ya picha imekufa atafute hela ya nyingine. Subiri kwanza.

Weka CD ya PAL. Rangi ikirudi basi chipu nzima, shida ni saa, yaani mapigo ya umeme yanayoiongoza bodi. PAL ndo mfumo wa picha za TV wa huku kwetu, NTSC ni wa Marekani na Japani, sasa ukiwa na PS1 ya PAL iliyochipiwa (iliyowekewa chipu ya kusoma CD za kuburn na za nchi nyingine) ukaichomeka CD ya kuburn ya Marekani au Japani, yenyewe inahamia NTSC, picha 60 kwa sekunde badala ya 50, lakini saa ya kwenye bodi inabaki ile ile ya megahezi 53.203 wakati NTSC inataka 53.693, na rangi inapatikana kwa kuigawa hiyo saa kwa 15, kwahiyo badala ya 3.5795 inatoka 3.5469, TV inaitafuta rangi haiioni, inakupa kijivu.

Sisi tunapima kwa osiloskopu (kifaa kinachoonyesha umbo la mawimbi ya umeme) na kaunta ya frikwensi. Probu hatuigusishi kwenye miguu ya kristali (kifaa kinachotengeneza hiyo saa), inaweza kuivuta saa au kuizima kabisa ukadhani kristali mbovu, tunapimia mbele ikishapita kwenye IC. Halafu waya wa njano, ule wa picha, tunaufunga rezista ya omu 75 kama vile upo kwenye TV, maana usipofunga utasoma karibu mara mbili (mafundi wengi wanaliwa hapa). Jumla iwe kama volti 1, 0.3 sinki (ishara inayoiambia TV mstari na picha vianzie wapi) na 0.7 picha. Sinki ikiwa ndogo picha inapinda kwa juu au inakimbia, hapo tunaanza na kapasita za njia ya picha, bei yake ndogo tu.

Kama ni saa, tunakufungia osileta (kifaa kidogo kinachotoa saa yake chenyewe) ya megahezi 3.5795 kwa ajili ya rangi ya NTSC. TV yako ikiwa na tundu la skati (SCART, lile pana la pini nyingi) afadhali waya wa RGB, unaopeleka nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake, huo hautegemei hiyo frikwensi kabisa, ila flati nyingi za siku hizi hazina.

Mnaotuma kwa Coaster toka Tukuyu au Makambako, wekeni na waya wake na ile CD inayosumbua, maana tukipima na CD yetu ya PAL tutaona rangi safi tu, tukurudishie bila kuiona shida yenyewe.