Risala kwa Mgeni Rasmi: Elektrodi Angavu Zinazokunjika, Zilizotengenezwa kwa Nyaya Nano za Fedha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Walimu walezi, wazazi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Mezani mbele yako kuna kipande cha plastiki ambacho kwa macho ni kitupu, lakini kinapitisha umeme, na hata kikizungushiwa kalamu hakiachi kuupitisha. Hiyo ndiyo elektrodi angavu, na risala hii inaeleza inavyotengenezwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, skrini ya kugusa huhitaji tabaka linalopitisha mwanga na umeme kwa pamoja, na sifa hizo mbili hugombana. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa na oksidi ya indiamu na bati. Kwenye kioo inafaa sana. Kwenye plastiki hupasuka ikivutwa kwa asilimia chache tu, kwa kuwa ni ngumu kama kigae, na kila ufa hukata njia ya umeme. Isitoshe, indiamu ni adimu, na upakaji wake kwa kawaida hufanyika ndani ya chemba iliyoondolewa hewa.

Nyaya nano za fedha, yaani madini ya fedha, hupita njia nyingine. Unene wake ni nanomita 30 hadi 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na urefu wake mikromita 10 au zaidi. Zikitawanywa juu ya plastiki kama vijiti vilivyomwagwa, mwanga hupenya kwenye mianya na umeme hufuata vijiti. Kadiri nyaya zinavyokuwa ndefu, ndivyo zinavyohitajika chache ili zishikane toka upande hadi upande. Nyaya nene kupita kiasi hutawanya mwanga, na plastiki ikaonekana kama ina ukungu.

Kuziotesha si kazi ya mitambo mikubwa. Mililita 5 za kimiminika kiitwacho ethilini glikoli hupashwa moto hadi nyuzi 150 kwa saa moja, huku zikikorogwa. Hutiwa mikrolita 40 za kloridi ya shaba ya milimola 4 kwa lita, na baada ya dakika 15 mililita 1.5 za polivinilpirolidoni, yaani polima yetu (kemikali ya molekuli ndefu), ya milimola 114, kisha mililita 1.5 za nitrati ya fedha ya milimola 94, zote zikiwa zimeyeyushwa katika glikoli. Kloridi huzuia fedha isijitokeze yote kwa mara moja. Shaba huondoa oksijeni ambayo ingezila mbegu changa, yaani chembe za kwanza za fedha. Polima hung'ang'ania ubavuni, hivyo waya hurefuka kwenye ncha badala ya kunenepa. Mchanganyiko ukigeuka kijivu chenye mng'ao wa hariri, nyaya zimeota. Ukibaki wa njano, kuna chembe za duara tu, na mara nyingi sababu ni joto lisilotulia au vyombo vichafu.

Baadaye nyaya huoshwa kwa asetoni na ethanoli katika mashine ya kuzungusha, kwa mwendo wa taratibu, zikabaki kwenye ethanoli kama miligramu 2 kwa kila mililita. Zikigandana chupani, zitikiswe kwa mkono. Mashine ya mawimbi ya sauti hutenganisha haraka, lakini huzikatakata, na urefu uliotafutwa kwa saa nzima hupotea kwa dakika chache.

Plastiki husafishwa kwa pombe, kisha huachwa dakika chache chini ya taa ya urujuanimno na ozoni, ama sivyo wino, yaani ule mchanganyiko wa nyaya na ethanoli, hujikusanya matone matone. Upakaji ni wa fimbo iliyozungushiwa waya, inayovutwa mara moja tu bila kusita.

Hapa, Mheshimiwa, ndipo wengi hukata tamaa. Utando umekauka, nyaya zinaonekana vizuri kwenye hadubini, lakini kipimo kinasoma maelfu ya omu, yaani ukinzani mkubwa wa umeme. Waya wenyewe hauna kosa. Kosa liko kwenye makutano: ile polima iliyozisaidia kuota sasa ni gamba la nanomita chache linalotenganisha waya na waya. Kwenye kioo huondolewa kwa joto la nyuzi 200 kwa nusu saa. Plastiki haivumilii joto hilo, kwa hiyo utando husuuzwa kwa maji na ethanoli, kisha hugandamizwa kati ya roli mbili mpaka nyaya ziumane. Utando uliofanyiwa kazi vizuri hufikia omu 10 hadi 20 kwa mraba (ukinzani wa kipande chochote cha mraba cha utando) huku ukipitisha takriban asilimia 90 ya mwanga. Joto likizidi, nyaya hukatika na kujiviringa kama shanga, na hapo hakuna marekebisho.

Adui wa mwisho ni hewa. Salfa iliyomo hewani hugeuza fedha kuwa nyeusi, na waya mwembamba kiasi hiki huliwa wote. Lazima utando ufunikwe kwa polima angavu, jambo ambalo pia huuzuia usikwanguke. Nyaya za shaba ni za bei nafuu, lakini hushika kutu upesi zaidi, ndiyo maana tumeshikilia fedha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba vitu viwili: kabati la kuvuta mvuke wa kemikali, na kipimo cha ncha nne, kwa sababu mita ya ncha mbili huingiza na ukinzani wa miguso yake na kutupotosha.

Tafadhali shika kipande hicho kwenye kingo, ukikunje, na utazame taa iliyounganishwa nacho.

Tunaomba kuwasilisha.