Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya, mwaka wa kwanza bila mama

Ndugu, jamaa na marafiki, Bwana Yesu asifiwe. Ndugu zetu Waislamu, asalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Watoto, marahaba, nimeshaitikia kabisa msije mkasingizia kwamba sikuwepo.

Nimekumbushwa mara tatu kwenye kundi la ukoo kuwa salamu za mwaka huu hazijatoka. Shangazi aliuliza kwa upole. Mjomba wa Kyela akatuma alama ya kuuliza, tupu, bila neno. Wa tatu mdogo wangu: "Kaka, au tuandike wenyewe?" Basi naandika. Wengi hamjui kwamba zile salamu za miaka yote hazikuwa zangu. Mama alikuwa anakaa kwenye kigoda chake karibu na jiko, ananitajia, mimi nabonyeza simu. Nikimaliza namsomea, naye kila mwaka anasema neno lile lile: "Punguza, unawamalizia watu bando." Mwaka huu hakuna wa kunipunguzia. Mtanivumilia.

Mama tulimzika Juni, kwenye ile baridi inayofanya hata jogoo achelewe kuwika. Mliotoka Chunya, Tunduma, Dar es Salaam, mliolala sebuleni kwenye mikeka, mliochangia mchele na kuni, ndaga fijo, asanteni sana. Sikupata nafasi ya kumshukuru kila mtu kwa jina, na wengine siku ile sikuwaona hata walipokuwa wamenishika mkono.

Kuhusu mwaka wenyewe, mnaujua. Kuku wa kienyeji pale Uyole ananitazama kama mtu anayejua bei yake. Nauli, mafuta ya kula, ada, sare, michango. Tangu ule mwaka 2022 petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita nimekuwa nikisikia kwamba mambo yatakaa sawa, na mimi bado nasubiri yakae. Wakulima angalau mbolea ya ruzuku imewapunguzia mzigo, maana kabla yake mfuko ulishapita laki moja na watu wakaanza kupandia majivu. Sitaki kulalamika sana siku ya sikukuu. Kuna jambo lingine nililotaka kusema, nalo linanihusu mimi kabla halijawahusu ninyi.

Mnalijua boma langu la Uyole. Najua mnalijua kwa sababu mkipita na Kosta mnanipigia simu: "Mkubwa, nyasi zimefika dirishani." Msingi niliuchimba mwaka 2019. Nikatangaza mbele ya watu, siku ya Krismasi, sahani ya pilau mkononi, kwamba 2021 nahamia. Tofali za kuchoma zikaja, kuta zikapanda, likafika lenta, likasimama. Tangu hapo kila Januari nampeleka fundi, tunapima, anahesabu mbao za kenchi na mabati, mimi narudi nyumbani nimewaka. Siku hiyo hata chai sinywi kwa furaha. Nanunua kibubu kipya, naandika lengo kwenye karatasi, nabandika mlangoni. Kufika Machi kibubu kimeshatobolewa kwa kisu cha jikoni. Leo nauli, kesho daftari za mtoto. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu langu halijawahi kuiona Pasaka.

Nilikuwa najiambia kwamba sina hamasa. Nikasikiliza wahamasishaji kwenye simu, wale wanaopiga kelele, nikawaka tena siku tatu. Moto wa mabua: unamulika uwanja mzima, na kabla hujaivisha hata gimbi moja umeshazima.

Sasa sikieni habari ya mama. Baada ya matanga tulipopanga vitu vyake tulikuta kauntabuku lake la kikoba, kile kikundi chao cha kuweka akiba. Aliingia mwaka 2016 akiwa na jambo moja, kuvuta maji mpaka uani. Mnapajua kwetu Tukuyu, mvua inanyesha mpaka mtu unaichoka, lakini maji ya kunywa unayafuata bondeni na kupanda nayo kichwani. Kikoba chao hisa ilikuwa 2,000, chini hisa 1, juu hisa 5, kila Alhamisi. Sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti. Ukichelewa, faini. Desemba wanavunja, wanagawana, wanaanza upya.

Nimelisoma lile daftari jioni nzima. Hakuna mahali palipoandikwa lengo. Hakuna neno la kujitia moyo. Ni Alhamisi tu. Hisa 2. Hisa 1. Hisa 1. Hisa 4, siku ndizi zilipouzika vizuri. Mahali fulani: "Sikwenda, mvua. Nimemtuma jirani." Kila Desemba akigawiwa ananunua bomba na viungio, anaviweka uvunguni mwa kitanda, sisi tunamcheka kwamba mama analala juu ya mto Kiwira. Mwaka 2022 maji yakafika uani. Yeye mwenyewe siku za mwisho za mzunguko alikuwa anasema kikoba kimemchosha, na Alhamisi ikifika anajifunga kanga, anakwenda. Nilimuuliza wakati ule, kwa nini unakwenda na umechoka? Akasema, "Nisipokwenda wataninunia. Na kuna chai."

Ndiyo jibu lenyewe, na nilikuwa nimelipuuza. Mama hakuwa na hamasa kunizidi. Alikuwa na siku, alikuwa na watu, na alikuwa na kima kidogo ambacho hata mwezi mbaya kabisa ungekiweza. Mimi nilikuwa na kibubu, na kibubu hakinuni.

Binti yangu aliyeko chuo alinisomea utafiti wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010. Walifuatilia watu 96, kila mmoja kachagua jambo dogo la kila siku, kula tunda mchana, kunywa maji, kukimbia kidogo, wakaangalia inachukua muda gani mpaka mtu alifanye bila kujisukuma. Wastani ulikuwa siku 66. Wa haraka siku 18, na aliyekuwa mzito kuliko wote walimkadiria siku 254. Nikachukua kalenda ya ukutani. Ukianza Januari 1, siku ya 66 ni Machi 7, wakati ule ule kibubu changu kinapokutana na kisu. Siku ya 254 ni Septemba 11, Nane Nane imeshapita na mahindi yako ghalani. Na wakaona kwamba kuruka siku moja hakuharibu kitu. Nikakumbuka "Sikwenda, mvua." Alhamisi iliyofuata alikwenda. Mimi nikikosa wiki moja huwa naona mwaka wote umeharibika, nasubiri Januari nyingine, kana kwamba Mungu ameweka mlango wa kuanzia kazi mwezi mmoja tu.

Ndugu zangu, nani kati yetu hujiuliza kama ana hamu ya kupanda? Mvua ya Novemba ikishalowanisha ardhi, jirani ameshatoka na jembe, mbegu iko ndani, unatoka hata kama unaumwa jino. Hamu inakukuta shambani, saa tatu, mgongo umepata joto. Basi nanyi tafuteni mvua yenu. Unayetaka kuacha pombe, usimwambie mkeo peke yake, maana huyo umeshamzoea. Mwambie mzee wa kanisa ambaye kila Jumapili atakukodolea macho. Unayetaka kurudia mtihani wa kidato cha nne, tafuta wenzio wawili na meza moja, na saa. Kijana unayetaka mtaji, anza na kiasi ambacho hata Januari hii ya ada hutashindwa kukitoa, usianze na kile cha Desemba una hela ya kikoba mfukoni! Bwana wetu alisema habari za yule aliyeanza mnara bila kukaa kwanza apige hesabu, watu wakamcheka. Nilikuwa nikisomewa hiyo kanisani, naangalia sakafu. Na Nehemia je? Ukuta wa Yerusalemu ulikwisha kwa siku 52, kwa sababu kila mtu alijenga kipande kilichokabili nyumba yake, na jirani yake anamwona. Kumwona! Sisi tunaficha malengo chini ya godoro tukidhani tunayalinda na macho ya watu, kumbe...

Hapa mama angesema bando.

Agosti niliingia kikoba cha hapa Uyole, walimu, wauza viazi na vijana wa bodaboda. Jumamosi saa kumi. Nimepigwa faini mara mbili. Juzi tumevunja, nikanunua mabati 14, na kwa kuwa hayaingii uvunguni yamesimama nyuma ya kochi, na mke wangu anasema nyumba imeezekwa kwa ndani. Yanahitajika mengi zaidi ya hayo, na mbao bado sijagusa. Sitangazi mwaka wa kuhamia. Safari hii nimekoma.

Ukurasa wa mwisho wa mama ni wa Mei. "Alhamisi. Hisa 1. Kichwa." Halafu chini yake ameshapiga mistari kwa rula, Alhamisi moja moja, mpaka Desemba. Alikuwa na kawaida ya kuipiga mapema, mwanzo wa mzunguko. Tarehe zimeandikwa, nafasi za hisa ziko wazi. Sijajua tufanye nini na lile daftari. Dada anataka tulihifadhi. Mimi usiku mmoja nilishika kalamu, nikairudisha.

Nawatakia nyote Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya. Mungu awajalie afya, riziki, mvua ya kiasi na mavuno. Wagonjwa wapone, wasafiri wafike salama, walio masomoni wafaulu, wafiwa wafarijiwe, na sisi pia tumo. Tuliokoseana mwaka huu tusameheane, hata lile la ng'ombe.

Tutakutana Tukuyu tarehe 24 jioni, ibada, halafu nyumbani. Shangazi analeta mchele wa Kyela, sukari naleta mimi, ndizi zipo. Anayekuja na basi la usiku kutoka Dar anipigie akifika Uyole, hata saa tisa, nitatoka. Leteni makoti, inanyesha. Na maji msibebe, bomba linatoka.