Barua kwa dereva anayehamia kwenye kontena la baridi

Makambako

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Nimefurahi kusikia umekabidhiwa gari la kontena la baridi, la kubeba parachichi kutoka Njombe hadi bandari ya Dar es Salaam. Barabara unaijua, sitakufundisha kuendesha. Nakuandikia kuhusu mzigo, maana miaka yote umebeba saruji na mbolea, na mfuko wa saruji haupumui. Parachichi linapumua. Limechumwa lakini bado li hai, linatoa joto lake lenyewe, linatoa unyevu, na linatoa gesi ya etilini inayoliivisha lenyewe na kuyaivisha ya jirani.

Kubwa kuliko yote ni hili: ile mashine iliyo usoni mwa kontena haikutengenezwa kupoza tunda lenye joto. Kazi yake ni kutunza ubaridi ambao tunda limeingia nao. Kupoza hufanyika kwenye chumba cha baridi cha wafungashaji, ambako feni kubwa hulazimisha hewa ipite katikati ya maboksi kwa saa nyingi. Tunda likipakiwa na nyuzi 14, mashine itanguruma usiku kucha bila kupumzika, na bado utafika Dar na tunda lililoanza safari ya kuiva. Mnunuzi akifungua mlango huko ng'ambo akakuta yamelainika, lawama hurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwa dereva.

Kwa hiyo usisaini karatasi kabla hujachoma. Kuwa na kipimajoto chako chenye sindano. Chagua paleti kadhaa, yaani marundo ya maboksi yaliyopangwa juu ya fremu za mbao, chukua tunda la boksi la juu, la kati na la chini, choma mpaka karibu na kokwa, subiri namba itulie. Tunda lililochomwa halirudi boksini, litaoza na kuharibu mengine. Parachichi aina ya Hass za kwenda na meli kwa kawaida hupangiwa nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Ukikuta 6 au 7, pakia. Ukikuta 10 na kuendelea, mwite msimamizi aone mwenyewe, na namba hiyo iandikwe kwenye hati kabla mlango haujafungwa. Akinuna, anune.

Kabla ya kupakia, soma kioo cha mashine mara mbili. Tazama alama ya kutoa: hasi 5 mahali pa jumlisha 5 ni kontena zima kugandishwa. Tazama pia kama inasoma Selsiasi au Farenhaiti, kwa sababu 5 ya Farenhaiti ni kama nyuzi 15 chini ya sifuri. Na usidhani ukiongeza baridi kidogo unalisaidia tunda. Likikaa chini ya kiwango chake nyama inageuka kijivu, ganda linapiga weusi, na haliivi vizuri tena. Kisha liko lile dirisha dogo la hewa safi linalotoa etilini. Kiasi cha kulifungua kinatajwa kwenye maelekezo ya mwenye mzigo, nawe usikikisie. Makontena yanayodhibiti hewa yenyewe dirisha hilo hufungwa kabisa.

Wakati wa kupakia, zima mashine. Wengi huiacha ikiwaka milango ikiwa wazi wakidhani wanawahi kupoza. Feni zinavuta hewa ya nje yenye unyevu, unyevu unaganda kwenye koili, yale mabomba ya kupozea, na unaondoka na mashine iliyozibwa na barafu. Vivyo hivyo, usilipoze kontena tupu kama sehemu ya kupakilia iko wazi kwenye joto: ukifungua tu, kuta zinatoka jasho na matone yanalowesha maboksi.

Hewa ya baridi hutokea chini, kwenye mifereji ya sakafu, ikapanda kupitia matundu ya maboksi na kurudi juu. Hivyo boksi lisivuke ule mstari mwekundu wa juu, matundu ya maboksi yalingane, na sakafu iliyobaki wazi karibu na mlango ifunikwe kwa karatasi ngumu, la sivyo hewa yote itakimbilia pale na paleti za katikati zitabaki na joto. Kontena la futi 40 kwa kawaida huchukua paleti 20. Kwa paleti ya maboksi 264 ya kilo 4, hapo una tani 21 za tunda tupu. Kumbuka jenereta inayoipa mashine umeme njiani inaning'inia mbele ya kontena, uzito wake unaegemea ekseli za kichwa. Ujue hilo kabla ya kufika mizani, na ukikata kona kali hakikisha jenereta haigusi kibanda cha dereva.

Sasa dizeli ya jenereta. Ipigie hesabu ya lita 3 kwa saa, na zaidi kidogo jua la Chalinze likiwaka. Safari ni karibu kilomita 700, lakini usihesabu saa za kuendesha peke yake. Hesabu foleni ya mizani, usingizi wako, msongamano wa kuanzia Kibaha, na kusubiri getini bandarini. Saa 48 ni lita 144. Pima kwa kijiti, geji inadanganya. Mwaga maji ya kwenye chujio kabla ya kuondoka, kwa sababu maji kwenye dizeli ndiyo huzima jenereta nyingi porini. Angalia mkanda na betri. Vumbi na makapi yakiziba kondensa, ile sehemu inayotoa joto nje, mashine inapata joto na kujizima, kwa hiyo isafishe kwa maji.

Njiani simama kila baada ya saa mbili au tatu. Andika kwenye daftari saa, joto la hewa inayotoka na la inayorudi. Inayorudi kuzidi kwa nyuzi moja au mbili ni kawaida. Ukiona imepanda ghafla, usiguse kitu: huenda mashine inayeyusha barafu ya koili. Ipe nusu saa au zaidi kidogo, itashuka yenyewe. Wageni huizima na kuiwasha hapo, ikaanza upya na barafu ile ile. Isiposhuka, au alamu ikitoka, piga picha ya namba ya alamu na umpigie fundi. Mlango usiufungue kamwe kuchungulia. Na usiku wa Juni au Julai huku Njombe, usishangae kukuta mashine inapasha joto, maana nje panaweza kuwa na baridi kuliko ndani.

Kitonga ingia na gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, kama siku zote. Ndani ya hifadhi ya Mikumi mwendo ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni usingizi wako. Kelele ya jenereta iko mgongoni mwa kitanda chako, na utaamka kila ikibadilisha mlio. Kaeni wawili kwa zamu ikiwezekana. Ukilala, egesha upepo ukipeleka moshi mbali na kibanda, ule moshi unaua mtu aliyelala. Wapo watakaokushawishi mnyonye dizeli ya jenereta usiku. Kataa. Rekoda ya mashine inaandika kila saa iliyozimwa, na mzigo uliomwagwa ni jasho la mkulima wa mwaka mzima.

Bandarini, zima swichi kwanza ndipo uchomoe plagi. Ni umeme wa zaidi ya volti 400, na mikono iliyolowa ni hatari. Usiondoke kabla namba ya sili, ile lakiri ya mlango, na joto la kukabidhi havijaandikwa na kusainiwa. Nakala ya karatasi hiyo kaa nayo mpaka meli itakapopakua.

Kipimajoto cha ziada ninacho, nimekuwekea. Ukipita Makambako nipigie, uje ukichukue, nami nikuoneshe jinsi ya kukihakiki kwenye kikombe cha barafu na maji: kisome sifuri. Nisalimie shemeji na watoto.

Wako wa siku zote